Kitabu Kilichoachwa Nje

Jumatatu, 1 Machi 1897

Daftari hili Padre Rendeli amenipa niandike maneno yanayotushinda katika tafsiri. Leo hapana neno lililotushinda, basi naandika habari zangu.

Padre ameletewa vitabu kutoka kwao. Alivifungua barazani. Vyote ni vya Wakristo wa zamani sana, waliokuja nyuma ya Mitume, na hapana hata kimoja kilichomo katika Biblia. Kimoja anataka tukitie katika Kiswahili. Yeye anasoma Kiyunani, ananambia kwa Kiingereza, mimi natafuta namna mtu wa Unguja angelisema. Miaka sita sasa tunafanya kazi hii kila siku baada ya adhuhuri, na sijapata kumwona mtu mwenye mapenzi na maneno kama yeye.

Na mimi ni vivyo hivyo. Nililetwa hapa Mzambarauni nikiwa na miaka kama sita, nimetolewa katika chombo cha watumwa pamoja na Elia, ambaye sasa ni shemasi wetu. Jina la mama yangu silijui. Damari ni jina nililopewa. Mume niliozwa, akafa. Nyumba ninayokaa ni ya misheni. Maneno tu ndiyo niliyojipatia mwenyewe.

Jumatano, 3 Machi

Joto. Mvua inatafutwa na hata wingu halipo.

Jumatatu, 8 Machi

Leo tumefika pahala pazuri. Ni habari za mwanamke mmoja wa mji wa kale, mchumba wa mtu. Alikaa dirishani siku tatu, hali wala hanywi, akimsikiliza Mtume akifundisha nyumba ya pili. Akamkataa mchumba. Wakamtia motoni, mvua ikauzima moto. Wakamtupia wanyama. Alipoona kwamba atakufa kabla hajabatizwa, akajitupa katika shimo la maji akajibatiza mwenyewe kwa jina la Bwana. Hakufa. Akamfuata Mtume, na Mtume akamwambia aende akafundishe.

Niliweka kalamu chini. “Padre, kwa nini hii haimo katika Biblia?”

“Mzee mmoja wa Kanisa wa zama zile aliandika kwamba kasisi wa Asia ndiye aliyeitunga. Alikiri kwamba aliitunga kwa kumpenda Mtume, akavuliwa ukasisi.”

“Basi ni uwongo.”

“Sikusema uwongo. Nimesema si Maandiko.”

“Na tofauti yake nini?”

Padre alicheka, akavua miwani. “Hilo, Damari, watu wameligombania miaka elfu na mia saba. Viko vitabu vilivyosomwa makanisani kama Injili, kisha vikatolewa. Viko vilivyotiliwa shaka, kisha vikaingizwa.”

“Nani aliyechagua?”

“Maaskofu. Kwa msaada wa Roho Mtakatifu.”

Nilikuwa na swali jingine, lakini Elia alikuwa keshasimama mlangoni. “Padre,” alisema, “watu wa mjini kila siku wanatwambia Injili yetu imetiwa mkono. Leo tuwatolee na kitabu ambacho sisi wenyewe tunakiri kwamba kimetungwa?”

“Ni cha kuwajenga watu tu, Shemasi. Bi Damari atawasomea wanawake wa darasa lake la Alhamisi.”

“Wanawake wa Alhamisi hawajui kusoma. Watajuaje kipi cha kuwajenga na kipi cha Mungu? Wao wanachosikia ni sauti ya dada Damari, basi.”

Padre alifikiri, kisha akaniamuru: kila nikianza kusoma, niseme kwanza kwamba hiki si Maandiko. Nikaitikia.

Elia nilimkasirikia. Tangu avae kanzu nyeusi amejifanya bawabu wa Mungu.

Alhamisi, 11 Machi

Darasani walikuwa kumi na wawili. Nilisema kama nilivyoamrishwa, kisha nikasoma mpaka pale anapokaa dirishani.

Mmoja alisogea mbele mpaka magoti yake yakagusa meza yangu. Anaitwa Kulthum. Ni suria wa Bwana Nasser bin Khelef, mwenye shamba la minazi kule Chukwani. Alinunuliwa msichana, Bwana Nasser akamweka ndani bila ndoa kama walivyozoea wakubwa, akamzalia mtoto mmoja, mtoto akafa. Kifua kinamuuma mwaka wa pili sasa. Anapewa ruhusa ya kuja kuchukua dawa kwetu, na dawa akishapewa huja kukaa darasani.

Anataka ubatizo. Padre hamkatai moyo wake, ila kanuni inamzuia: mwanamke anayekaa na mwanamume bila ndoa habatizwi mpaka atoke. Na Kulthum akitoka, sheria inamrudisha. Nimemweleza mambo haya mara nyingi. Kila mara hunitazama kama ninayemweleza njia ya kwenda nyumba isiyokuwapo.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la darasa linavuja pembe zote nne. Nilisema haraka haraka kwamba hiki si Maandiko, mvua ikiwa inapiga juu ya makuti, kisha nikasoma habari za moto uliozimwa na mvua. Wanawake walipiga vigelegele. Mwanamkasi, mkubwa wao kwa umri, alitazama juu akasema, “Imekuja kuzima na wetu.”

Sijapata kusoma chochote kwa namna ile.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua. Kumbikumbi wamejaa taani.

Alhamisi, 25 Machi

Leo sikusema. Sikusahau. Nilifungua kinywa niseme, nikawaona wamekaa wanangoja, vichwa vimeinama kama wanavyoinamisha kanisani Injili inaposomwa, nikaona kusema vile ni kama kuwamwagia maji ya taka. Nikaanza tu kusoma.

Tulipofika pale alipojitupa majini, Kulthum aliinua mkono.

“Mwalimu, huyu alijibatiza peke yake? Hapana padre?”

“Hapakuwa na mtu. Alikuwa anakaribia kufa.”

“Na Mtume alimkubali?”

“Alimkubali.”

Akakohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. “Basi nakuuliza, Mwalimu. Haya nayo ni ya Mungu, kama yale mengine?”

Wote kumi na wawili walinitazama. Ningeweza kusema yale aliyoyasema Padre: kwamba kipo cha kuwajenga na kipo cha Mungu. Nilimtazama yule mwanamke aliyenunuliwa, nikasema, “Ni ya Mungu.”

Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa naamini. Hata sasa ninapoandika naamini.

Jumatano, 7 Aprili

Mji mzima una habari moja. Sultani ametoa amri jana: utumwa hautambuliwi tena mahakamani. Anayetaka kutoka kwa bwana wake aende mbele ya hakimu apewe hati yake. Kengele yetu ilipigwa. Wazee waliokuja hapa pamoja na sisi walilia. Elia aliketi chini ya ngazi ya kanisa, uso katika mikono, nami nikakaa karibu naye.

Jioni Padre alitusomea amri yenyewe. Masuria hawamo. Wanahesabiwa kama wake wa nyumba. Hawawezi kudai uhuru mpaka wathibitishe kwamba wanateswa.

Nilimuuliza Padre kama kukataliwa kutoka si kuteswa. Akasema kwa hakimu, la.

Alhamisi, 8 Aprili

Kulthum alikuja ameshajua. “Nimesikia wamewaacha huru watu wote,” alisema, “isipokuwa sisi tulio kitandani.” Mwanamkasi alimfinya mkono anyamaze. Hakunyamaza. “Nampelekea hakimu nini? Bwana Nasser hanipigi. Ananinunulia dawa. Mwaka jana aliniita ‘mwanangu’ kwa kusahau.”

Jumatatu, 12 Aprili

Nilikwenda kwa Padre kumwombea Kulthum aingizwe katika ubatizo wa Pasaka. Nilimwambia mgonjwa, anakohoa damu. Padre alisema akiwa mahututi mtu yeyote aliyebatizwa anaweza kumwagia maji, hata mimi, na ubatizo huo ni halali. Lakini maadamu anatembea, kanuni ni kanuni. Niliona anaumia. Kuumia kwake hakukubadilisha kitu.

Jumamosi, 17 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Wamebatizwa watu wanane alasiri. Kulthum alisimama nje, mlango wa upande, mvua ikimnyeshea.

Ibada ilipokwisha sikumwona. Nilizunguka nyuma ya kanisa mpaka kwenye lile shimo yalipochimbwa mawe ya kujengea. Mvua ya mwezi mzima imelijaza. Nilimkuta ukingoni, amevua ukaya, amejifunga kanga moja.

“Kulthum! Utaugua!”

“Nshaugua, Mwalimu.”

Akaingia. Maji yalimfika kifuani. Alizama mara tatu, na kila alipoibuka alitaja jina moja: la Baba, la Mwana, la Roho Mtakatifu. Hakukosea hata neno. Mimi ndiye niliyemfundisha maneno yale.

Ningeweza kumzuia. Nilikuwa hatua kumi tu. Nilisimama nikamtazama, na Mungu anajua kwamba sijapata kufurahi kanisani kama nilivyofurahi pale kwenye tope. Alipotoka nilimfunika kwa shuka yangu. Alikuwa anatetemeka na kucheka. “Sasa hapana anayeweza kuninyima,” alisema.

Padre sikumwambia.

Jumatatu, 19 Aprili

Kulthum amekuja kwangu na bunda la nguo. Amemwambia Bwana Nasser uso kwa uso kwamba yeye ni Mkristo, na Mkristo hakai hivyo. Kisha akatoka kwa miguu kutoka Chukwani, akipumzika kila penye mti.

Jumatano, 21 Aprili

Bwana Nasser alikuja mwenyewe juu ya punda, mtu mmoja nyuma yake. Ni mtu mzima, ndevu nyeupe. Sikumkaribisha ndani naye hakutaka kuingia.

“Shikamoo,” nilisema, maana ni mkubwa kwangu.

“Marahaba, Bi Mwalimu. Mgonjwa hajambo?”

“Hajambo kidogo.”

“Naweza kwenda kwa hakimu na kesho akarudishwa. Unajua?”

“Nnajua.”

“Sendi. Ana kifua, muacheni apumzike.” Akamwashiria mtu wake ateremshe kikapu: asali, mchele, mashuka mawili. Kisha akauliza, si kwa ubaya, “Ananambia amebatizwa kwa kitabu. Nilimuuliza padre wenu mmoja zamani, vitabu vyenu vingapi? Akanitajia hesabu. Sasa nasikia kipo kingine. Nyinyi wenyewe hesabu mnaijua?”

Niliinama nikakiinua kikapu. Akaaga.

Kulthum alikula asali yake. Mimi nilikasirika siku nzima. Mtu anayeweza kukuacha kwa hisani ndiye huyo huyo anayeweza kukushika, na bado anataka umshukuru.

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nguo hazikauki. Anakohoa.

Alhamisi, 6 Mei

Padre amefurahi kusikia kwamba Kulthum ametoka kwa bwana wake. “Hapana kizuizi tena,” alisema. “Mtengeneze kwa Pentekoste, tarehe sita Juni.” Hajui ya shimo la maji. Nikaitikia “Naam, Padre,” nikaenda kumwambia Kulthum.

Alinitazama kwa mshangao. “Mara ya pili?”

“Ya kwanza haikuandikwa katika buku la kanisa.”

“Yule wa kitabuni alirudiwa?”

“Hakurudiwa.”

“Na wewe umetufundisha katika imani: ubatizo ni mmoja. Mimi nikikubali wa Padre, nimesema ule wangu ulikuwa kuoga tu. Nisifanye dhambi, Mwalimu. Nshabatizwa.”

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache: nilikukosesha, kitabu kile hakihesabiwi, kubali maji ya Padre. Nilisimama nikamtazama, uso umekonda, macho makubwa, uso wa mtu mwenye kitu chake kwa mara ya kwanza. Nikasema tutazungumza siku nyingine.

Jumanne, 11 Mei

Hatukuzungumza.

Jumamosi, 15 Mei

Elia alipita akamwona. Alipotoka aliniita nje. “Dada, huyu hafiki Pentekoste. Mmwagie maji.”

“Atakapozidiwa.”

“Keshazidiwa. Unangoja nini?”

Nikamwambia ashike ya ushemasi wake. Akaondoka kichwa chini.

Nangoja nini? Nikimmwagia, nimemwambia kwamba nilimdanganya. Nisipommwagia, basi kitabu kiwe cha kweli, nami niwe nimesema kweli. Nimelifanya lile neno langu la tarehe ishirini na tano Machi lizito kuliko roho yake. Nayaona hayo wazi kabisa, na bado mkono hauinuki.

Jumapili, 23 Mei

Hali chakula. Mvua.

Jumamosi, 29 Mei

Kulthum amekufa jana alfajiri. Nimeshindwa kuandika mpaka leo.

Alikufa akiwa na akili zake. Bakuli la maji lilikuwa kando ya kitanda, nililiweka mwenyewe tangu juzi. Nilitia vidole ndani. Akaona. “Una kiu, Mwalimu?” aliniuliza. Nikasema ndiyo, nikanywa. Baada ya hapo hakusema tena.

Jua lilipotoka Bwana Nasser alikuwa mlangoni, sijui nani aliyempelekea habari. Alikuja na sanda, na manukato, na watu sita. Padre na Elia nao walikuwa wameshafika.

“Alikuwa wa nyumba yangu miaka kumi na tisa,” Bwana Nasser alimwambia Padre. “Mtoto wake amelala makaburini kwetu. Nipeni nimzike kwa heshima karibu na mwanawe.”

Padre alinyooka. “Alikufa Mkristo, Bwana. Ni wetu.”

“Ni wenu?”

“Ni wetu.”

Bwana Nasser alitazama ile sanda mikononi mwa mtu wake. “Kama ni wenu, mzikeni kama wenu,” alisema, akaondoka, na watu wake nyuma yake.

Ndipo Padre akafungua buku akaniuliza nani alimbatiza na lini. Nilisema yote ya shimo la maji. Nilisema nikiwa na matumaini. Nilidhani atalia kama nilivyolia mimi.

Alipauka. Akatwita mimi na Elia katika kile chumba cha mavazi ya ibada, akafunga mlango.

“Hapana ubatizo wa namna hiyo,” alisema. “Mtu hajibatizi. Kanisa halijaukubali hata siku moja.”

“Kitabu kilisema, Padre. Tulikifasiri pamoja.”

“Kitabu si Maandiko!” Alipiga meza, kisha akaupangusa mkono wake kama aliyeungua. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo. “Sikiliza vizuri, Damari, kwani kila kitu kiko hapa. Kama alidhani kwamba hili ni neno la Mungu, basi alitenda kwa imani, na kosa ni la waliomfundisha. Nitamzika ndani ya uzio wa makaburi, pamoja na wengine, nami nitajibu kwa Askofu. Lakini kama alionywa, akajua, kisha akafanya kwa kiburi chake, siwezi. Nilikuamuru uwaonye kila mara. Uliwaonya?”

Elia alikuwa ananitazama. Padre naye alikuwa ananitazama, na katika macho yake niliona jibu analolitaka. Maana nikisema niliacha kuwaonya, Askofu atauliza nani aliyewapa wanawake wasiojua kusoma kitabu cha namna hiyo. Na mimi nitatolewa darasani, na katika nyumba, na katika meza ile ya baada ya adhuhuri. Miaka ishirini na sita nimekaa hapa. Sina kwetu pengine.

“Niliwaonya,” nilisema.

“Na yeye?”

“Na yeye. Kila Alhamisi.”

Padre alivuta pumzi ndefu. Nilimsikia. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Amezikwa nje ya uzio, upande wa mihogo, bila kengele. Mkubwa, mchimba kaburi wetu, alikuwa anachota maji kwa ndoo huku anachimba, na kaburi linajaa tena. Padre hakuja. Nilisimama mbali. Watu walipoondoka niliona Elia amebaki, mvua inamchuruzika usoni, kitabu cha ibada amekificha chini ya kanzu. Alikuwa anasoma. Alisoma mazishi yote mpaka mwisho, peke yake.

Nilimngoja njiani. “Padre amekataza,” nilisema.

“Amekataza ndani ya uzio.”

Akanipita. Baada ya hatua chache akageuka. “Dada, mimi nilikwambia wanasikia sauti yako. Sikukwambia kwa kukuonea.” Miezi mitatu nimemwita bawabu katika daftari hili.

Jumatano, 2 Juni

Tope kwenye kaburi limebonyea. Mkubwa amejaza tena.

Jumapili, 6 Juni

Pentekoste. Wamebatizwa watatu. Nilishika taulo.

Jumatano, 9 Juni

Nilikwenda kwa Padre saa yetu ya kazi. Ameweka Zaburi mezani. Tafsiri ya kile kitabu ameifungia kabatini. Sikukaa. Nilisema, “Niliwaonya mara mbili tu, nikaacha. Kulthum aliniuliza kama ni ya Mungu, nikamwambia ni ya Mungu. Alitenda kwa imani. Mtie ndani ya uzio.”

Padre alinyoosha karatasi za Zaburi.

“Barua imeshakwenda kwa Askofu,” alisema. “Niliandika kwamba mwalimu alionya, na mwanamke akakaidi. Ameshajibu. Amesema nimefanya sawa, na amekusifu kwa uaminifu wako.”

“Andika nyingine.”

“Niandike nini? Kwamba la kwanza halikuwa kweli?” Alisugua macho chini ya miwani. “Kulthum yuko mikononi mwa Mungu, Damari. Mungu hahitaji barua. Sisi huku tumebaki na kazi. Tumefika Zaburi ya thelathini na nane.”

Nilimtazama mtu huyu niliyejifunza kwake kwamba neno moja lisipokuwa mahali pake sentensi nzima inaanguka. Alikuwa mzee, ana hofu. Hayo sikuwa nikiyajua. Nilikaa nikafasiri mistari minne, na sasa naona haya hata kuiandika.

Jumamosi, 12 Juni

Nilikwenda Chukwani kwa miguu. Bwana Nasser alinipokea barazani, akaagiza kahawa. Nilimwambia wapi alipo Kulthum, na kwamba mahali pale si petu wala si pa mtu, na kwamba akitaka kuja kumchukua, amlaze karibu na mtoto wake, Shemasi wetu atafungua njia na mimi nitabeba jembe.

Alisikiliza mpaka nikamaliza.

“Alisimama hapo ulipokaa,” alisema, “akanambia kwa kinywa chake kwamba dini yangu si yake. Nilikuja kuomba maiti siku ile kwa sababu nilimpenda, na nilikuwa tayari kujifanya sikusikia. Padre wenu akanambia ni wenu, nikakumbuka kwamba nilisikia. Sasa siwezi tena kumwombea kwa sala aliyoikataa. Hayo ni kumdhulumu maiti.” Akanywa kahawa yake. “Mmemdhulumu nyinyi. Msinitie na mimi.”

Nilirudi. Mvua imekatika, njia imeanza kukauka, na miguu ya watu imegandia katika tope kila upande.

Alhamisi, 17 Juni

Walikuja kumi na mmoja. Nilimwomba Elia aje akae nyuma, akaja. Padre nilimpelekea habari kwamba leo nina neno la kusema. Hakutokea, lakini dirisha lake linaelekea darasani na lilikuwa wazi.

Nilisimama. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yote yakanitoka.

“Padre aliniuliza kama nilikuonyeni kwamba kitabu kile si Maandiko,” nilisema. “Nikasema nilikuonyeni kila Alhamisi. Nikasema Kulthum alijua. Nimesema uwongo. Kulthum aliniuliza mbele yenu, nikamwambia ni ya Mungu. Ndiyo maana aliingia majini. Na kwa uwongo wangu amelala penye mihogo.”

Nilingoja wainuke watoke. Nilingoja walie, au wanitukane. Hapana aliyetikisika. Mwanamkasi alikuwa anakunjua na kukunja ncha ya kanga yake.

“Sisi tunajua, Mwalimu,” alisema mwishowe. “Tulikuwapo.”

Ni kweli. Siku ile darasani walikuwa kumi na wawili. Tulipofungiwa katika kile chumba, Padre na Elia na mimi, mashahidi kumi na mmoja walikuwa nje kwenye mvua, wamekaa ukutani kwa kanisa, wanangoja waambiwe maiti atazikwa wapi.

“Mbona hamkusema?” Sauti haikuwa yangu. “Mlijua kwamba nilimwambia ni ya Mungu. Mngesema neno moja tu, angezikwa ndani. Mbona hamkusema?”

Mwanamkasi aliwatazama wenzake, kisha akamtazama Elia kule nyuma, kisha lile dirisha lililo wazi, kisha mimi.

“Nani alituuliza?”